Lori halichanganyi, ukikanyaga mafuta linasita: soma hapa kabla hujashusha pampu

Wadau wa malori, naandika hii kwa sababu kwenye gereji za hapa Tanga mchezo ni uleule kila wiki. Gari inakuja inasita, dereva ameshaambiwa na mtu njiani kwamba pampu ya dizeli imekufa, tajiri ameshapigiwa simu atume hela, na fundi ana spana mkononi tayari kushusha pampu hata hajauliza gari inasita ikiwa inafanya nini. Pampu ikishuka ndo basi tena, inaenda kwa fundi pampu, inafunguliwa, inawekwa kiti (seti ya vipuri) mpya, inarudi inafungwa, na gari inasita vilevile manake tatizo lilikuwa hosi imepasuka juu ya chasisi au filta imejaa uchafu. Hela imeenda, siku zimeenda, mzigo umehamia gari ya mtu mwingine. Kwangu mimi pampu ni ya mwisho kabisa kuguswa, na hapa chini naeleza kwa nini na unaanzia wapi.

Naongelea zaidi Fuso, Canter, Isuzu na Scania za zamani zenye pampu ya kawaida, kwa sababu ndo zinazobeba machungwa ya Muheza, mkonge, chokaa ya Amboni na mbao huku kwetu. Za umeme, yaani zinazoongozwa na kompyuta, nazo nitazigusa mbele.

Kabla hujabinua kebini, jibu maswali mawili. La kwanza, inasita wakati gani? Asubuhi tu ikiwa baridi au mpaka ipate moto? Ikiwa tupu pia au mpaka iwe na mzigo? Inasita pale unapokanyaga tu alafu inavuta vizuri, au inavuta vizuri mpaka ifike resi fulani inagoma kupita hapo? Inaanza mara moja ukitoka, au mpaka utembee saa nzima? La pili, ikisita inatoa moshi gani? Mtu akae nyuma aangalie, au utingo achungulie kwenye kioo wakati mnapanda, hata kamlima ka kawaida kanatosha. Moshi mweusi, mweupe, wa bluu, au hamna moshi kabisa. Dereva akikujibu hayo mawili vizuri umeshamaliza nusu ya kazi na hujachafua mkono.

Hamna moshi, nguvu inaisha tu

Hii ndo nyingi kuliko zote. Unakanyaga, gari inafikiria, inavuta kidogo, inalegea, moshi hamna. Manake dizeli haifiki ya kutosha, basi. Injini ya dizeli ikipata mafuta mengi kuliko hewa lazima itoe weusi, sasa kama ina mzigo, umekanyaga mpaka chini na ekzosi safi, mafuta yamekwama njiani. Na njia inaanzia kwenye tanki, haianzii kwenye pampu.

Fungua kifuniko cha tanki gari ikiwa imetoka kusita. Ukisikia inavuta hewa fyuuu, umepata. Kifuniko kina katundu kadogo ka kupumulia, kakiziba tanki linabaki halina pa kuingizia hewa, dizeli inashindwa kutoka. Na sisi wenyewe ndo tunakaziba, mtu anaona dizeli inamwagika kwenye kona anaweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko anakaza, au kifuniko kimepotea anaziba na tambara. Gari inaenda vizuri kilomita kadhaa, alafu inaanza kulegea, ukisimama ukalegeza kifuniko inapona. Toa nailoni, safisha katundu kwa waya mwembamba, endelea na safari.

Tanki likiwa poa, angalia ndani kwenye paipu inayonyonya. Kuna Fuso ya machungwa ilikuwa inatoka Muheza kwenda Dar, inafika Segera vizuri, kuanzia Kabuku inaanza kusita, Mkata inakata moto kabisa, wakikaa dakika kumi inawaka na kuvuta kama haina kitu. Walikuwa wameshabadilisha filta na walishaambiwa pampu. Tanki liliposhushwa na kuoshwa kikatoka kipande cha tambara kilicholainika, kinaelea mle ndani, dizeli ikinyonywa kwa nguvu kinakuja kujibandika kwenye mdomo wa paipu, gari ikizimwa kinaachia. Kwahiyo ukisikia gari inasita, ukipumzika kidogo inapona, alafu inarudia, shuku kitu kinachoelea kwenye tanki kabla ya chochote. Na kama inasita tanki likishuka chini ya nusu tu, ukijaza inakaa sawa, hiyo paipu ya ndani imetoboka juu kidogo, mafuta yakishuka chini ya tundu inanyonya hewa.

Hewa sasa. Hapa watu wanapotea sana kwa sababu wanatafuta mahali panapovuja dizeli. Kutoka tanki mpaka pampu ndogo (ile inayovuta dizeli na kuipelekea pampu kubwa) mafuta yananyonywa, hayasukumwi, kwahiyo palipopasuka hapatoi dizeli nje injini ikiwa inazunguka, panaingiza hewa ndani, ni kama mrija wa juisi uliotoboka. Utaona pakavu kabisa na ndo penyewe. Dalili zake: asubuhi gari inachelewa kuwaka mpaka upampu kwa mkono, ikiwaka inasita dakika za mwanzo, au ukipiga resi kubwa inakatakata. Kipimo ni rahisi mno, nunua futi tatu za hosi nyeupe inayoonyesha ndani, unganisha badala ya hosi ya kawaida kabla ya pampu ndogo, washa, angalia. Mapovu machache ukiwasha ni kawaida, yakiendelea kupita injini ikiwa imeshatulia kuna mahali inavuta hewa. Hapo unarudi nyuma kuelekea tanki, jointi moja moja, kaza klipu, badilisha zile washa za shaba (zikishakazwa mara nyingi zinakuwa ngumu hazizibi tena), angalia hosi pale inapopita juu ya chasisi manake inasuguliwa na vumbi na mtikisiko mpaka inatoboka kwa chini ambako huoni. Ipinde kwa mkono, utaona nyufa zinafunguka.

Pampu ndogo nayo ina kachujio kadogo ka waya pale inapoingilia mafuta. Mafundi wengi hawakajui au wanakaacha. Fungua hiyo bolti kubwa, katoe, utakuta kameziba na kutu ya tanki na nyuzinyuzi, osha na dizeli safi, rudisha. Hiyo kazi haina hata gharama.

Filta, naomba nisirefushe, kila mtu anajua inabadilishwa. Ila ifungue uiangalie kabla ya kutupa. Ukikuta utelezi mweusi kama ute, hiyo sio kutu, ni vijidudu vinavyoota kwenye dizeli yenye maji, na hali ya hewa ya pwani, joto na unyevu, inawapenda. Hapo kubadilisha filta peke yake haisaidii, itaziba tena ndani ya wiki, lazima tanki lioshwe. Maji yanaingia hata kama sheli uliyonunua ni safi, tanki likilala nusu tupu hewa yenye unyevu inapoa usiku, matone yanajikusanya kwenye kuta za tanki yanashuka chini. Jaza tanki jioni kama hela ipo, na asubuhi fungua koki ya chini ya sedimenta (kile kikombe kinachotenga maji na dizeli), kinga kwenye chupa ya maji ya uhai iliyo safi, iache itulie kidogo. Maji yanakaa chini, dizeli juu, mstari unauona kwa macho. Ikitoka maji endelea mpaka itoke dizeli tupu, alafu toa hewa.

Na dizeli ya madumu ya kando ya barabara, jamani. Bei inavutia lakini hujui imechanganywa na nini. Zamani mafuta ya taa yalikuwa yanachanganywa kwenye dizeli hadharani karibu, EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati, wakaleta vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) mwaka 2010 kwa ajili hiyohiyo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu wala nozo (zinazopuliza dizeli kwenye silinda), gari inakuwa nyepesi haina nguvu kwenye mlima, na huko mbele pampu ndo inakufa kweli.

Kitu kimoja cha mwisho kwenye upande wa mafuta, nakisisitiza kwa sababu kinaua watu kimya kimya. Kwenye pampu ya mstari (yenye elementi, yaani vipampu vya kila silinda, zilizopangwa mstari mmoja), ile bolti inayorudisha mafuta kwenye tanki sio bolti ya kawaida, ndani ina valvu yenye springi na kijirisasi. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasikimbie yote, ili ndani ya pampu kuwe na presha ya kutosha kujaza kila elementi. Springi ikilegea, au fundi akipoteza hiyo bolti akaweka bolti tupu inayofanana nayo, gari sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) iko poa, tupu inakimbia, mzigo ukipanda inasita na kulegea. Ukiitoa itikise uisikilize, pulizia kwa mdomo upande wa kuingilia, kama hewa inapita bure bila kuzuiwa imekufa. Nimeona pampu nzima zinabadilishwa kwa ajili ya kabolti haka.

Moshi mweusi

Hapa mafuta yapo, hewa ndo haitoshi, au mafuta yanamwagika vibaya. Anza na ea klina, filta ya hewa. Ukibeba chokaa Amboni au kokoto za Maweni lile vumbi jeupe ni laini kama unga, linaziba filta ndani ya siku chache, kile kitabu cha service kinachosema ubadilishe baada ya kilomita fulani hakikuandikwa kwa ajili ya machimbo. Gari nyingi zina kadude ka plastiki kwenye bomba la hewa kanaonyesha nyekundu filta ikiziba, kaangalie. Ukipulizia, puliza kutoka ndani kwenda nje, upepo mdogo, mbali kidogo, alafu ingiza tochi ndani gizani uangalie kwa nje, ukiona nuru imepenya sehemu moja kama nyota karatasi imetoboka, tupa. Vumbi likipita hapo linakula tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) na ringi, hiyo ni oveholi.

Kama filta safi, shika lile bomba la mpira la kutoka ea klina kwenda tabo. Likizeeka linalainika, gari ikiwa imesimama liko vizuri, ukipiga resi linanyonywa linajibana lenyewe. Mwambie mwenzako akanyage we uangalie. Alafu hosi za kutoka tabo kwenda intakula (kipoza hewa) na manifold (bomba la kuingiza hewa kwenye silinda), tafuta oili imelowesha jointi na vumbi limegandia, hapo ndo inapotorokea. Mara nyingi unasikia na mluzi ukikanyaga mzigo ukiwepo.

Kuna kahosi kembamba kanatoka manifold kwenda juu ya pampu, upande wa gavana (kidhibiti cha mafuta cha pampu). Haka ndo kanaiambia pampu kwamba tabo imeshaleta upepo, ongeza mafuta. Kakipasuka, au ile ngozi ya ndani ikichanika, pampu inabaki na mafuta ya gari isiyo na tabo, moshi unapungua badala ya kuongezeka na gari inakuwa nzito. Naiweka hapa kwenye mambo ya tabo lakini dalili yake inafanana na ya mafuta kukwama, usichanganye.

Ekzosi breki ndo mchawi wa Fuso na Isuzu. Kile kisahani ndani ya bomba la ekzosi kinajaa masizi kinagoma kurudi, kinabaki nusu kimefunga. Gari inasita, moshi mweusi, joto linapanda, na dereva anaapa hajawasha ekzosi breki, ni kweli hajawasha. Ingia chini, mtu abonyeze swichi na kuachia, angalia mkono wa kile kisahani unaenda na kurudi mpaka mwisho wake. Ukigoma, safisha, paka kilainishi kinachovumilia moto, usipake grisi ya kawaida itaungua na kuganda zaidi.

Wanaopanda Mombo kwenda Soni na Lushoto, au Muheza kwenda Amani, mjue pia kwamba kule juu hewa yenyewe ni nyepesi. Kila mita 100 unazopanda hewa inapungua kama asilimia moja, kwahiyo injini isiyo na tabo ikifika Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, imepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya pumzi yake na moshi utaongezeka kidogo. Huo sio ugonjwa. Shusha gia mapema usiilazimishe. Ugonjwa ni pale inapofanya hivyohivyo ukiwa Pongwe, huku chini karibu na Tanga mjini.

Hewa yote ikiwa sawa na weusi bado upo, sasa ni nozo, zinatiririsha badala ya kupuliza ukungu. Zitolewe zipimwe kwenye mashine, kazi ya muda mfupi na bei yake haikaribii bei ya pampu.

Moshi mweupe, au inamisi silinda moja

Mweupe wenye harufu kali ya dizeli inayochoma macho ni mafuta yanayotoka hayajaungua. Ukitokea mara tu baada ya pampu kufungwa upya, taimingi imechelewa, rudi kwa aliyefunga. Ukiwa asubuhi tu kisha unapotea na gari inatikisika, silinda moja haifanyi kazi. Kwenye injini za zamani legeza nati ya paipu ya nozo moja moja gari ikiwa sailensa, spana 17 mara nyingi, uifunike na tambara. Ukilegeza na mlio ukabadilika injini ikadhoofika, hiyo silinda nzima, kaza. Ukilegeza na hamna kinachobadilika, ndo hiyohiyo, hamisha nozo yake na ya jirani, tatizo likihama ni nozo, likibaki pima kompresheni na tapeti. Kwenye 4D33, injini ya Canter, nafasi ya tapeti ni milimita 0.40 injini ikiwa baridi, kote kuingiza na kutoa.

HII YA KULEGEZA NATI USIIFANYE KWENYE INJINI YA KOMON RELI. Kabisa. Hizo zina bomba moja linaloweka dizeli ya presha kwa nozo zote, na mle ndani presha inapita bar 1,000, dizeli inapenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kadoti tu hakiumi sana, ndani nyama inakufa. Ikitokea usisubiri kivimbe, kimbia hospitali, Bombo ama popote palipo karibu, na waambie wazi kwamba ni dizeli ya presha imeingia mwilini.

Moshi wa bluu ni oili, angalia tabo na ringi. Mweupe usionuka dizeli na maji ya rejeta yanapungua ni gasketi.

Huenda injini haina kosa

Resi inapanda lakini gari haiendi, hiyo ni klachi inateleza. Gari nzito na tairi moja imechemka, gusa habu baada ya kusimama, hiyo ni breki imeshika. Na pedeli, mtu akanyage mpaka chini injini ikiwa imezimwa we uangalie mkono wa pampu kama unagonga mwisho wake, kebo ikivutika au kapeti likikaa chini ya pedeli unakosa robo ya mafuta na hujui.

Za umeme

Scania mpya, Hino, Isuzu za komon reli, Actros: yote ya tanki, hewa na filta hapo juu yanabaki vilevile, tena hizi zinaumwa haraka zaidi na maji. Filta ukibadilisha usiijaze kwa kumimina dizeli ya kwenye ndoo, pampu kwa mkono ijijaze yenyewe. Baada ya hapo leta mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na kodi (namba za makosa) zipigwe picha kabla hazijafutwa, kuna watu wanafuta kwanza alafu wanakuuliza tatizo nini. Ikisita pedeli ikifika sehemu fulani tu, shuku sensa ya pedeli. Sailensa inapanda na kushuka yenyewe na ukikanyaga inasita, kwenye Isuzu na Hino angalia ile valvu ya umeme kwenye pampu inayopima mafuta ya kuingia. Pima na umeme, injini ikiwaka betri mbili zisome volti 27 mpaka 28 na kitu. Na kwa sisi tunaolala bandarini na kando ya bahari, chumvi inakula plagi za nyaya na nyaya za asi (zinazofungwa kwenye bodi), fungua plagi kabla ya kununua sensa, ukikuta kijani kibichi kwenye pini safisha na spreyi ya umeme, ikaushe, rudisha, jaribu.

Wenye Kirikuu (Suzuki Carry), yenu ni petroli, mtazamo tofauti: plagi, koili, filta ya petroli na pampu ya ndani ya tanki. Ya kabureta ikisita pale unapokanyaga tu, ni ile pampu ndogo ya kabureta, mpira wake umekauka. Toa ea klina, vuta mkono kwa ghafla injini imezimwa, lazima uone petroli inaruka ndani, usipoona umepata.

Ukishapita kote huko na gari bado inasita, haya sasa pampu ishuke. Weka alama ya patasi kati ya pampu na bamba lake kabla hujalegeza bolti hata moja, zungusha injini mpaka alama ya silinda ya kwanza ikae, piga picha. Chomoa dipstiki unuse, oili ikiwa imepanda na inanuka dizeli basi sili ya pampu inavuja ndani, oili yote imwagwe. Na ukiipeleka kwa fundi pampu mwambie iwekwe kwenye benchi (mashine ya kupimia pampu) kwanza isomwe hivyohivyo ilivyo, akupe namba za kila elementi kwenye karatasi, ndo afungue.